Fundi wa Seva na Mtandao Wake

Fundi wa seva, kompyuta kuu ya mnada wa ng'ombe wa Handeni, hupuliza kibodi isiyo na vumbi, kisha hulaumu mtandao. Naisiae, mfugaji, alishachoka kuulizia ng'ombe wake aliowasajili kwa simu. Seva ilizoea fomu: swali, jibu, swali, jibu. Simu mpya zilituma JSON, taarifa zilizofungwa moja ndani ya nyingine: ndama ndani ya mama, mama ndani ya boma. Jana seva ilipokea furushi la Naisiae, ikashukuru, ikalitupa kwenye kona bila kulifungua, ikaandika ng'ombe sifuri.

"Mtandao, mama," fundi alisema.

Naisiae akabaki amesimama nyuma yake. Fundi akakohoa, akaongeza kwenye programu mstari mmoja wa kufungua JSON, na boma zima likajaa kwenye kioo. Akapuliza kibodi. "Umeona? Mtandao umerudi."

Naisiae akaokota waya wa mtandao uliochomoka na kulala sakafuni tangu asubuhi. "Umepita wapi, fundi?"