Bafu la Kazini

Mume wangu alikuwa amepata kibarua cha kuezua paa la ghala kuukuu hapa Tanga. Siku ya kwanza alirudi nyumbani Makorora ameshaoga, nywele bado mbichi, ananukia sabuni ambayo si ya kwetu. Nilikuwa na mtoto mchanga na usingizi haba, nikawaka.

"Umeoga kwa nani?"

"Kazini. Tajiri ametujengea bafu."

Sikuamini. Asubuhi nilimbeba mtoto nikamfuata. Langoni nilimkuta tajiri mwenyewe, mama mtu mzima aliyevaa buibui, akihakikisha kila fundi ana barakoa.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Usisogee na mtoto, tafadhali."

Akanivusha ng'ambo ya barabara, akanieleza. Paa lile lilikuwa la asbesto, na vumbi lake likiingia mapafuni halitoki. Maradhi huja baada ya miaka mingi. Ndiyo maana walililowesha maji kabla ya kuligusa, mafundi wakaoga hapo hapo, na ovaroli hazikuruhusiwa kwenda nyumbani.

"Ukizikung'uta wewe, vumbi mnalivuta wewe na mtoto," akasema. "Kazi nimewapa mimi, basi hilo ni juu yangu."

Miaka yote nilikuwa nikikung'uta nguo za mume wangu uani, na hakuna tajiri aliyewahi kunifikiria mimi niliyebaki nyumbani. Nikamshukuru machozi yakinilenga. Akacheka kwa upole, akaniambia niwahi kurudi, jua lisije likampiga mtoto.