Mpima Damu wa Dirishani

Mama wa mtoto mgonjwa alimjua mpima damu zaidi kwa sauti kuliko kwa sura, maana kila alipoinamia hadubini aliimba puani wimbo mmoja usiokwisha, huku kidole gumba kikibonyeza kidude cha kuhesabia chembe. Vidole vyake vilikuwa na madoa ya zambarau ambayo sabuni ilikwisha kuyashindwa. Maneno hakuyapenda; ukimsalimu, aliitikia kwa nyusi. Mama alizoea kukaa benchi la mbele ya dirisha lake la maabara, roho juu, akiusikiliza wimbo ule. Daktari alishamweleza kwamba damu hutengenezwa ndani ya mifupa, kwenye uboho, na kwamba uboho wa mwanawe umelala tangu apewe dawa kali za ugonjwa wake. Mtoto aliishi kwa kuongezewa damu za watu.

Leo wimbo ulikatika. Mpima damu akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti, akachungulia tena, kisha akaifuta tena. Mama akainuka benchini.

“Kuna nini, baba?”

Mpima damu akafungua ule mlango ambao wageni hawafunguliwi, akamsogezea kiti chake mwenyewe.

“Tazama hizo chembe changa, mama. Uboho umeamka.”

“Si zile alizoongezewa?”

“Za kuongezewa huja zimeshakomaa. Hizi ni zake.”

Mama akainama kwenye hadubini. Hakuona kitu ila kope zake mwenyewe zikitetemeka.

“Nimeziona,” akasema, na hakuthubutu kupepesa.