Siku Nilipolewa Divai ya Mgiriki

Enzi zetu, nyie mliokulia Temeke mtanisaidia kukumbuka, mtoto alikuwa hasikilizwi. Alikuwa anatumwa. Nenda dukani, nenda bombani, kamwite dada yako. Tulicheza rede na kombolela mpaka vumbi la mtaa mzima likahamia vichwani mwetu, tukala mihogo ya kukaanga yenye pilipili iliyofungwa kwenye gazeti, na jioni Mama akatusugua miguu kwa dodoki huku tunapiga mayowe. Lakini wakubwa wakizungumza, wewe ulikuwa sawa na kiti. Nawaeleza haya ili mjue ukubwa wa jambo lenyewe: siku moja, Mwingereza angali anatutawala, mie nilisikilizwa. Nilisikilizwa kwa sababu nilidhani nimelewa.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya misheni, mtu wa milima ya Lushoto aliyeletwa Dar es Salaam na kazi, wala hakuwahi kuusamehe mji huu kwa joto lake. Kwake yeye kila kizuri kilitoka mlimani: viazi, hewa, hata adabu. Mdogo wake, Baba Mdogo Zefania, alikuwa kibarua wa kupalilia huko kwenye shamba la mizabibu la Mgiriki mmoja. Mgiriki mwenyewe, mkewe na wanawe ndio waliochuma zabibu, ndio waliozikanyaga kwa miguu, ndio waliojaza chupa. Divai yao nyekundu ilikuwa rahisi hata mwalimu aliimudu. Mapadri waliinunua kwa wingi. Walowezi wenye fedha zao waliidharau. Mwaka huo Baba Mdogo alishuka mjini na chupa moja, kaiviringisha kwenye shuka kama kichanga.

Sheria ya wakati ule haikumruhusu Mwafrika kunywa vileo vya Kizungu bila kibali. Kwa hiyo chupa ililazwa chini ya kitanda cha wazazi, nasi tukaonywa tusiitaje kwa mtu. Mie nikatii: sikumtajia mtu mzima hata mmoja. Watoto wenzangu niliwaambia wote. Tena niliwaambia nimeshaionja, ni tamu kuliko sharubati, na ukinywa unaanza kusema Kigiriki. Kwa majivuno yale walikuwa wananipa zamu ya kwanza kwenye rede.

Basi, dada yetu mkubwa, Eliza, akachumbiwa. Mchumba aliitwa Bonifasi, dresa, mfunga vidonda wa hospitali, kijana mpole asiye na maneno. Wazazi wake walitoka Masasi wakahamia Mtoni, baba yake mchonga vinyago. Kila mtu alifurahi. Ila Eliza alikuwa amepata nafasi chuo cha ualimu, na akiolewa nafasi hiyo imekwenda. Tulikuwa tunaosha vyombo uani nikamwona analia.

"Simchukii," akaniambia. "Nataka nisome kwanza. Lakini nani ataniuliza?"

"Si umwambie Baba?"

"Wewe nawe! Mambo ya posa yanasemwa na mwari?"

Jumapili ya posa Baba akavaa koti, joto la kuyeyusha mshumaa. Akafunga madirisha kwa sababu ya chupa yake. Kizibuo hatukuwa nacho, akakisukuma kizibo ndani kwa mpini wa mwiko, divai ikaruka na kumchora ua jekundu kifuani. Hakujali. Akawamiminia wageni, Bonifasi na wazee wake, kwenye vikombe vya chai.

"Hii hainywewi kama togwa," akawafundisha. "Inanuswa kwanza, halafu inaonjwa. Mtausikia mlima."

Mzee Chilumba, baba yake Bonifasi, akanusa, akaonja. Uso wake ukajikunja taratibu kama mkeka.

"Mwalimu," akasema, "mlima wenu mkali."

Baba akajibu kwa kunywa funda kubwa. Alilimeza kama anavyomeza kwinini, machozi yakamlengalenga, akasema, "Safi kabisa." Mama akainama kutafuta kitu sakafuni ambacho hakikuwepo.

Mie nilisimama mlangoni na sinia la karanga. Baba Mdogo, kashachangamka, akaniita. "Huyu naye aonje vitu vya kwao!" Akanitilia mdomoni kijiko cha divai. Jamani! Ukakasi wa bibo bichi uliochanganywa na wino. Lakini nilijua wenzangu wanachungulia kwenye ufa wa dirisha. Nikajilamba midomo, nikaomba kijiko kingine.

Kisha nikangoja ulevi. Walevi nilikuwa nawafahamu vizuri. Walipita kwetu wakitoka kilabuni barabara ya Kilwa. Mlevi anayumba, anaimba, halafu anasema ukweli kwa sauti kubwa. Masikio yakaanza kunichoma. Kwenye chumba kilichofungwa hivyo hata chupa yenyewe ilikuwa inatoka jasho, lakini mie nikakata shauri kwamba tayari nimelewa. Nikaweka sinia chini. Nikayumba. Nikaimba ubeti wa wimbo wa kanisani, wa pili sikuukumbuka, nikaingia moja kwa moja kwenye ukweli.

"Dada Eliza hataki! Anataka chuo! Analia kila siku kwenye vyombo, na nyie mmekaa mnakunywa mlima!"

Mama akanikamata sikio. Baba Mdogo akaitazama chupa kwa woga. Baba akainuka, nami nikafumba macho kungoja kofi. Badala yake nikasikia sauti nisiyoizoea.

"Naomba radhi, wazee," alisema Bonifasi. "Aitwe mwenyewe aseme."

Eliza akaja, kanga kajifunika mpaka kwenye paji la uso. Mzee Chilumba akamuuliza polepole, "Mwanangu, ni kweli?"

Nikaogopa kwamba ataniruka. "Kweli, baba," akasema. "Simkatai. Naomba nimalize chuo."

"Nitangoja," akasema Bonifasi.

Baba alisimama pale na ua lake jekundu kifuani, hajui akasirike na nani. Akamtazama Eliza kwa muda, kisha akaketi. "Basi asome," akasema. Halafu akanigeukia mie. "Na wewe, kiasi kile hakimleweshi hata kuku."

Mama alinichapa kwa aibu niliyoiingiza nyumbani, kisha akanipakulia wali mwingi kuliko wote. Wenzangu walinitaka niseme Kigiriki. Nikawatungia maneno, na wengine waliyatumia mpaka tumekuwa wakubwa. Eliza alimaliza chuo, Bonifasi alingoja, wakaoana, na dada akafundisha mpaka alipostaafu.

Siku hizi mjukuu wangu ananiletea divai ya Dodoma kutoka supamaketi. Anaizungusha kwenye bilauri, anafumba macho, anasema anasikia harufu ya mwaloni, mti wa Ulaya wa kutengenezea mapipa. Mwaloni hajauona toka azaliwe. Mwezi uliopita alichumbiwa, akakaa katikati ya wazee akawapangia tarehe, ukumbi, na rangi ya nguo watakazovaa, nao wakaitikia kama darasa. Mie nilinung'unika kwa sauti kwamba adabu imekwisha.

Wageni walipoondoka nilimwambia enzi zetu ndizo zilikuwa enzi.

"Kwa nini, Bibi?" akaniuliza.

Nikamfikiria Eliza, ambaye hakuulizwa mpaka mtoto alipodhani amelewa, na chumba kile, ambacho watu wake wote wameshatangulia nimebaki mie. Kisha nikasogeza bilauri aniongezee kidogo.