Mgeni wa Ukoo wa Gillanders

Effie MacCuish alikuwa akiuza chai na skonzi kando ya gati la Port Sgeir, mji mdogo wa wavuvi, tangu mumewe alipofariki. Alikuwa na mdomo, na wavuvi walimpendea hilo. Siku dhoruba ilipozuia feri, aliingia mkahawani mwake mwanamke aliyelowa chapachapa, Janine, kutoka Kanada.

"Natafuta asili yangu," alisema akicheka. "Ukoo wa Gillanders. Baba wa babu yangu alikuwa nahodha wa kivuko hapahapa."

Wateja wakaweka vijiko chini. Mzee Fearchar akaacha supu yake, akavaa kofia, akatoka. Wengine wakamfuata mmoja mmoja, wala hakuna aliyeaga.

"Nimesema kitu kibaya?"

"Kunywa chai, mwanangu," Effie alisema.

Janine alizunguka mji kutafuta chumba. Kila alipobisha aliambiwa vyumba vimejaa, ilhali msimu wa wageni ulikuwa umeshapita. Akarudi anatetemeka, na nyuma yake mawimbi yalikuwa yakiruka ukuta wa gati. Effie akamfungulia chumba cha juu. Hata hajamaliza kutandika kitanda, kaka yake Ruairidh, mfunga kamba wa feri, akasimama mlangoni.

"Huyo halali hapa, Effie."

"Nyumba ya nani hii, Ruairidh?"

"Babu yetu yuko chini ya maji kwa sababu ya watu wake!"

"Basi nenda kamuulize babu. Mimi nina mgeni."

Aliondoka akibamiza mlango. Janine alikuwa amesikia yote kutoka ngazini. Ikabidi Effie amweleze: kivuko kiligonga mwamba, nahodha akarukia mashua peke yake, akapiga makasia huku abiria wakimwita kwa jina. Kabla maiti zilizopatikana hazijazikwa, alishapanda meli ya Kanada.

"Kwetu picha yake iko ukutani," Janine alisema taratibu. "Tuliambiwa aliokoa watu."

Hakula. Asubuhi upepo ulipotulia alikwenda makaburini, akasimama mbele ya jiwe lenye majina ya waliozama mpaka honi ya feri ilipolia. Gatini Ruairidh alimtazama akipanda. Hakumpa mkono, hakumtukana.

Effie alirudi mkahawani akapika supu kama kawaida. Adhuhuri ikapita. Meza zote zilikuwa tupu, na nje wavuvi walisimama kwenye mvua, wameupa mlango wake mgongo.