Aya ya Saba ya Linet

Siku Ndolo alipomwona Linet Nzembi kwa mara ya kwanza, msichana huyo alikuwa chini ya meza akitafuta kiatu. Ndolo alikuwa ametoka Kithyoko alfajiri, na alipoona ofisi ya kliniki ya sheria haina mtu alimshukuru Mungu, akageuka kwenda zake. Sauti ikamkamata mlangoni.

"Mzee, usiende. Keti hapo. Hapana, hicho kimevunjika mguu. Hicho kingine."

Akachomoza na kiatu mkononi na vumbi kichwani, akamsalimu kama mtu aliyekuwa akimngoja wiki nzima.

Linet alikuwa mwanafunzi wa sheria wa mwaka wa nne. Kliniki yenyewe ilikuwa vyumba viwili nyuma ya duka la simenti mjini Machakos, ambapo wanafunzi waliwasaidia watu wasio na uwezo wa kuajiri wakili, chini ya jicho la wakili mmoja mkimya aitwaye Kimanzi. Kwao Linet ni Kangundo. Baba yake alikuwa katibu wa chama cha ushirika cha kahawa, na tangu darasa la tano Linet ndiye aliyemnakilia kumbukumbu za mikutano. Humo alijifunza kwamba mkutano hauanzi, hufunguliwa rasmi. Na kwamba mtu hakasiriki, huonyesha kutoridhika kwake kukubwa. Alipofika chuo kikuu alikuwa na maneno mengi kuliko kesi za kuyatia.

Ndolo aliishia darasa la saba, na maneno yake aliyatoa moja moja, kama anayetoa mayai kwenye kikapu.

"Niko na silanga," alisema.

"Silanga iko na nini, mzee?"

"Mulwa anaitaka."

Silanga ni bwawa dogo la kunasa maji ya mvua. Hilo lilichimbwa na baba ya Ndolo mwaka mmoja wa njaa, na ndilo lililonywesha mbuzi wake kumi na mmoja na ng'ombe wawili. Mto ulikuwa mbali. Ng'ombe wakienda huko, wakirudi wana kiu tena. Sasa jirani yake Mulwa alikuwa amemshtaki akisema aliyelichimba ni marehemu baba yake yeye, kwa hiyo bwawa ni lake. Ndolo alipewa siku kumi na nne kujibu. Karatasi za mahakama alikuwa ameziweka chini ya godoro, labda zipoe, na siku kumi zilikuwa zimekwisha.

Linet aliandika usiku na mchana. Jumatano Ndolo aliporudi, hati ya kiapo ilikuwa na kurasa tisa. Alimsomea kwa Kiswahili, amesimama, na alipofika aya ya saba akapaza sauti kidogo, maana aliipenda.

"Kwamba mimi, Ndolo Kyalo, naapa na kusema kuwa tangu bwawa hilo lilipoanza kuchimbwa, hakuna mtu yeyote wa ukoo wa mdai aliyewahi kuinua jembe mahali pale."

"Hapo ni mimi naapa?" Ndolo aliuliza.

"Ni wewe. Tunavuka barabara, tunaingia kwa kamishna wa viapo, unashika Biblia, unatia sahihi, tumemaliza."

Ndolo akachukua kofia yake. Alisema anaenda kununua dawa ya kupe mara moja. Nusu saa ikapita.

Linet alimkuta ameketi kwenye ngazi ya duka la dawa za mifugo, bila dawa.

"Baba Mwendwa," alisema, akimwita kwa jina la mwanawe, "Ijumaa ikipita bila hizi karatasi kufika kortini, Mulwa anaweza kupewa silanga bila wewe kusikizwa. Niambie nimekukosea wapi."

Ndolo aliangalia viatu vyake. Wakamba hawaapi ovyo. Zamani kiapo kizito kiliitwa kithitu, na aliyekila kwa uongo hakuadhibiwa peke yake. Watu wa ukoo wake waliisha mmoja mmoja mpaka boma likaota miiba. Ndolo alikuwa mtu wa kanisa tangu utotoni, lakini hofu hiyo haikuwahi kubatizwa.

"Baba ya Mulwa alichimba," alisema mwishowe. "Siku tatu. Mimi ndiye niliwapelekea uji."

Linet akaketi kando yake, pu. "Na mbona hukuniambia?"

"Uliniuliza nani alichimba silanga ya baba yangu. Nikasema baba yangu."

"Na huyo mwingine alikuwa anatafuta nini hapo?"

"Si ilikuwa mwethya. Majirani wanachimba kwa huyu, halafu wanahamia kwa yule. Baba yangu alichimba matuta ya shamba lao wiki nzima, na hata leo yako." Akafikiri kidogo. "Mtu hachukui shamba kwa sababu aliitwa mwethya. Kama ni hivyo, mimi niko na nusu ya Kithyoko."

Linet alicheka mpaka mwenye duka akachungulia.

Ofisini, Kimanzi alikuwa amemaliza kuzisoma zile kurasa tisa. "Haya maneno ya aya ya saba ni ya nani?" aliuliza.

"Ni yangu, mwalimu."

"Basi nenda ukaape wewe."

Linet alivua viatu, akakaa, akaandika upya, akimuuliza Ndolo jambo moja na kungoja mpaka jibu litoke lote. Zikawa kurasa nne. Baba ya Mulwa akaingia aya ya saba na siku zake tatu, matuta yakaingia, uji ukaingia. Ndolo alisahihisha mahali pamoja tu: uji ulikuwa wa mtama. Kisha akavuka barabara, akashika Biblia, akaandika jina lake kwa herufi kubwa.

Siku ya kesi, wakili wa Mulwa alisema ana mzee wa kuthibitisha kwamba baba ya Mulwa alionekana pale na jembe. Hakimu akafungua faili, akasema hilo mdaiwa mwenyewe amelieleza, akasoma aya ya saba yote kwa sauti. Halafu akamgeukia Mulwa, aliyekuwa kizimbani na ameshaapishwa.

"Na matuta ya shamba lenu, nani aliyachimba?"

Mulwa naye alikuwa Mkamba wa Kithyoko. Aliitazama Biblia aliyoapia.

"Ilikuwa mwethya," alisema.

Hukumu ilitolewa baada ya majuma sita: silanga ni ya Ndolo. Alitoka kortini akapanda moja kwa moja hadi kliniki, njiani akijizoeza maneno ya shukrani. Zamu ya Linet ilikuwa inakwisha juma lile, na baada ya siku hiyo Ndolo hakumwona tena. Siku hiyo alimkuta mezani na mama mmoja wa Masinga, kalamu imelazwa chini, anasikiliza. Ndolo akasimama mlangoni, na yale maneno yote yakamtoroka.

Linet aliinua macho, akatabasamu.

"Nimesikia. Nenda nyumbani, Baba Mwendwa, mbuzi wananywa saa ngapi? Mimi siondoki hapa, huyu mama bado hajaniambia yote."