Siku Mbili Mbamba Bay

Vitalia ni jirani yangu hapa kijijini Ruanda, Mbinga, na kwa miaka kumi na miwili nimemsifia kwa kila aliyekubali kunisikiliza. Bado namsifia, ila siku hizi kwa sauti ya chini.

Mumewe, Dunstan, aliondoka mtoto wao Zabron akiwa na miaka tisa. Zabron ana kifafa. Wiki ile alikuwa ameanguka mara nne, mara moja kanisani katikati ya misa, na watu wakasogea pembeni, maana wengi hapa wanaamini ukimgusa mtu akiwa ameanguka, na wewe utaupata. Jumatatu Dunstan akaaga kwamba anakwenda Mbinga mjini kununua mbolea. Mbolea yenyewe hatujaiona mpaka leo. Baadaye tukasikia yuko Liparamba, kisha kavuka mto, yuko Msumbiji.

Kila mtu alikuwa na neno lake. Mzee Urbani, kaka yake mkubwa, alisema mdogo wake amekwenda kutafuta maisha. Kilabuni walisema kajinusuru. Wanawake tukisukana tulisema kamkimbia mkewe. Mimi ni mwalimu mstaafu, jina langu Gertruda, nimeshika daftari la mahudhurio miaka thelathini na miwili, na mwanafunzi asiyeonekana bila taarifa tunamwandika mtoro. Basi nilimwita Dunstan mtoro mbele ya ndugu zake, wala sikuona haya.

Mashamba yetu yako kwenye miteremko mikali, na tunalima ngolo. Mwanamume anafyeka majani na kuyalaza kwa miraba. Mwanamke anachimba udongo katikati ya mraba na kuyafukia, na shimo linalobaki linashika maji ya mvua. Mwanamke halazi majani. Machi ile Vitalia aliwangoja mashemeji zake wiki tatu, na kila siku walikuwa na udhuru mpya. Mwisho akachukua fyekeo mwenyewe, akafyeka, akalaza, akachimba. Miraba yake ilikuwa midogo na watu walicheka sana. Maharage yalipoota wakanyamaza.

Mwaka uliofuata, mwezi wa sita, kwenye ile baridi yetu, Zabron aliangukia motoni. Mimi ndiye niliyemkuta jikoni jioni, peke yake, mkono wa kushoto ukiungulia kwenye mafiga. Mama yake alikuwa ameaga tangu jana yake kwamba anafuata vidonge Mbinga. Aliporudi kesho yake alisema gari liliharibika njiani. Nilimkumbatia, tukalia wote, na nikamlaani Dunstan kwa maneno ambayo mwalimu hapaswi kuyajua. Tangu siku ile Vitalia hakukosa kliniki hata mwezi mmoja. Zabron akianguka, yeye ndiye wa kwanza kumshika na kumlaza ubavu.

Julai hii, kahawa ikiwa imeshachumwa, Dunstan akarudi. Amekonda, meno ya mbele hana. Alilala kwa Urbani, na Jumapili baada ya misa ukaitwa ule mkutano wa ukoo ambao wazee wanauita sengu. Nami niliitwa, kwa kuwa ndiye niliyemwokoa mtoto. Nilikwenda ulimi wangu ukiwa umenolewa.

Urbani hakuzunguka mbuyu. "Shemeji, wewe ndiye uliyebaki. Ukisema aondoke, ataondoka leo hii, na hakuna wa kukupinga. Ukisema abaki, atabaki."

Vitalia alisimama. "Shikamooni wazee."

"Marahaba."

"Siku Zabron alipoungua, sikuwa Mbinga. Nilikuwa Mbamba Bay."

Nilidhani nimesikia vibaya.

"Nilimwachia ugali wa siku mbili, nikafunga mzigo. Nilitaka kuvuka ziwa niende Malawi, mahali ambapo hakuna anayenijua. Nilikaa pale ufukweni siku mbili nikingoja meli. Ziwa lilichafuka, meli haikuja. Nauli ikaanza kuliwa, ndipo nikarudi." Akamtazama mumewe kwa mara ya kwanza tangu aingie. "Na msije mkadhani nilirudi kwa upendo. Meli ingekuja, ningepanda. Upendo ulikuja baadaye, nilipouona ule mkono."

Nilipandwa na hasira, nakiri. Hasira ya kudanganywa miaka yote hiyo, na mimi nikimtangaza kijiji kizima. Kisha nikamtazama alivyosimama peke yake mbele ya wazee, na hasira ikanitoka nikabaki na huruma tu.

"Kwa hiyo msiniulize mimi habari za huyu," akasema. "Wote wawili tulimkimbia. Yeye meli yake ilikuja, basi. Aulizwe mtoto."

Zabron ana miaka ishirini na mmoja sasa. Alikuwa amekaa karibu na mlango, ule mkono ameufunika kwa mwingine kama kawaida yake. Dunstan aliinamisha kichwa. Sote tulitazamia Zabron aongee na baba yake, lakini alimgeukia Vitalia.

"Mama, mimi nilijua."

"Ulijua nini?"

"Ulichukua kitenge chako cha Krismasi. Nikajua hufuati vidonge."

Vitalia akashika ukuta. "Mbona hukusema?"

"Niliogopa nikisema, utaondoka tena. Kila ulipokwenda Mbinga nilikaa barabarani mpaka urudi. Hata mwaka huu."

Urbani alikohoa. Akauliza taratibu, kama anavyoulizwa mgonjwa, "Na baba yako je, mwanangu? Tufanyeje?"

Zabron akamgeukia baba yake.

"Abaki," akasema. "Nimechoka kungoja watu."