Shangazi Mwanaidi Mbele ya Mashine

Safari yangu ya kutoka Bunju kwenda mjini ilikuwa ya kuchagua kozi. Zilikuwa mbili, zote za Nairobi. Ya kutengeneza redio, yeyote aliyemaliza shule aliweza kujiandikisha. Ya kurekodi nyimbo ndiyo niliyoililia, ila ilikuwa na mtihani: uje na mwimbaji wako, umrekodi mbele ya mwalimu. Na mwalimu alikuwa Dar siku hiyo tu. Mie sikuhangaika. Nilikuwa na Shangazi Mwanaidi, na kwetu harusi asiyoimba yeye watu waliinung'unikia mwezi mzima.

Alfajiri tulidandia lori la nazi, Shangazi na kanga yake mpya.

"Hiyo mashine yenu inakula nini?" akaniuliza.

"Inakula sauti, Shangazi."

"Basi leo itavimbiwa!"

Kinondoni lori lilisimama kushusha magunia. Tukanywa chai kwa mama muuza maandazi, naye aliposikia safari yetu akaomba aimbiwe kidogo. Shangazi akakataa kabisa. Sauti alikuwa anaiweka. Nikajiona nimekwisha fika Nairobi.

Mjini tulipelekwa kwenye chumba kisicho na dirisha, kuta zimefunikwa mablanketi. Ukisema neno, linaishia hapo hapo mdomoni. Mwalimu, mtu wa bara mwenye maneno ya taratibu, alimwamkia Shangazi shikamoo, akanionyesha namna ya kuuwasha mkanda, kisha akarudi nyuma.

"Leo fundi ni wewe," akasema.

Nikawasha. Shangazi akafungua mdomo, akaufunga. Akatazama kushoto, akatazama kulia.

"Nani ataniitikia?"

"Hakuna, Shangazi. Imba tu."

Mkanda unazunguka bure. Shangazi kainamisha kichwa, anachezea pindo la kanga, nami damu ikanipanda. Shangazi yangu mimi, wa kuaibishwa hivi!

"Mwalimu, mtu mzima hafungiwi peke yake akaambiwa imba! Kama ufundi ndio huu, siutaki."

"Ngoja kidogo, kijana."

"Singoji!"

Nikamshika Shangazi mkono, tukatoka. Pale mezani kwa karani nikajiandikisha kozi ya kutengeneza redio, kalamu nusura itoboe karatasi.

Njiani kurudi, lori lile lile lilikuwa limejaa akina mama waliotoka kuuza mihogo. Tulipopita Kawe mmoja akaitazama ile kanga mpya, akauliza, "Bibi harusi, mbona umenuna?" Shangazi akaanza kuimba. Lo! Wakamwitikia, wakapiga vikapu, vigelegele mpaka dereva akapunguza mwendo. Nilimsikia tangu utotoni, lakini vile, wallahi, sijapata kumsikia. Nami nimekaa kifua mbele, najiona nimemwokoa.

Bunju tuliposhuka, nikamwambia, "Umeona, Shangazi? Mahali pako ni huku, si kule ndani ya sanduku."

Akanitazama.

"Kule ulinikatiza, baba. Nilikuwa natafuta pa kuanzia."

"Sasa mbona hukusema?"

"Niseme saa ngapi, na wewe umekwisha nivuta mkono?"

Akajitwisha kikapu chake, akaenda zake. Hakunigombeza, wala hakulizungumza tena. Alifariki nikiwa Nairobi, najifunza kuunga nyaya.

Siku hizi nina kibanda changu cha redio Kinondoni. Kila nikimaliza kutengeneza moja huiwasha kuijaribu, wakaimba shangazi wa watu wengine, waliosubiriwa. Safari ile ilinifunza kungoja, lakini somo lenyewe lilikuja nimeshachelewa, na linaniuma.

Juzi nilikwenda harusini Bunju. Wale akina mama wa lorini walikuwapo, wakaombwa nyimbo za Mwanaidi. Wakapiga makofi, wakaitikia, kila kiitikio wanakijua barabara. Kisha wakanyamaza, wakatazamana. Maneno yake yeye, yale ya kutangulia, hakuna aliyeyakumbuka.